Saa ya Bwana Harusi Anayeishi Kibondo: Ichaguliwe Mashine Gani?



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad:

Tumepokea suala kutoka kwa mama yetu mmoja wa Unguja. Kijana wake ni muuguzi, anafanya kazi Kibondo, na mara kwa mara hupelekwa Kasulu. Insha Allah ataoa baada ya Idi. Familia imechanga fedha ili imtunukie saa ya mkono ya kuvalia kanzu na joho siku ya harusi, kisha aivae Ijumaa na kwenye hafla. Mjomba wake aliyeko Maskati anasema lazima iwe ya mashine hasa, si ya betri. Kaka mtu anasema hiyo ni fahari tu, saa ya betri inatosha na inakwenda vizuri zaidi. Maneno yameanza kuwa makali, na mama anauliza: ipi ni bora, na je, kuna katazo lolote la kisheria katika jambo hili?

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Fedha ni za watu wengi, wengine wamejinyima. Na hidaya inayozaa ugomvi kabla haijatolewa inahitaji kutazamwa vizuri. Tutajibu kwa ufupi kwanza, kisha tutafafanua.

Jawabu kwa ufupi

Asili ya saa ni halali, iwe ya betri au ya mashine. Ama kuchagua, kunategemea atakavyoivaa. Ikiwa ataivaa kila siku, mnunulieni ya otomatiki ambayo pia inaweza kutiwa ufunguo kwa mkono. Ikiwa ni ya Ijumaa na sherehe tu, ya kutia ufunguo, nyembamba na isiyo na tarehe, ndiyo itakayomfaa zaidi. Ikiwa si mtu wa kuihudumia saa, ya betri haina aibu yoyote. Na iwayo yote, isiwe ya dhahabu.

Aina tatu za mashine

Saa ya kutia ufunguo ndiyo ya zamani. Ndani yake kuna kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa. Unapozungusha kile kifundo cha pembeni, kamani inakazwa. Inapojilegeza polepole inasukuma magurudumu yenye meno, na gurudumu la mizani linalocheza huku na huku ndilo linalopima hatua zake. Ikitiwa ufunguo ikajaa, nyingi zinakwenda baina ya saa 38 na 45, kisha zinasimama.

Ya otomatiki ni hiyo hiyo, ila imeongezwa kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaoikaza kamani. Fundi wa Kiingereza John Harwood alipata hati ya uvumbuzi ya otomatiki ya mkononi nchini Uswisi mwaka 1924. Anayeivaa kila siku hahitaji kuitia ufunguo. Anayeivua na kuiweka kabatini, nayo itasimama kama mwenziwe.

Ya betri inatumia kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde kinapopitishiwa umeme. Kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii kuuzwa madukani, iliyoitwa Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Kwa usahihi hakuna ubishi: saa ya betri ya kawaida hupotea sekunde 15 au 20 kwa mwezi, wakati saa ya mashine inaweza kupotea kiasi hicho kwa siku moja. Kwa hivyo kaka mtu amesema kweli katika hili, na mjomba akubali.

Lakini mjomba naye ana hoja. Saa ya mashine ikitunzwa inaweza kurithiwa. Sehemu zake ni vyuma vinavyoweza kusafishwa, kutiwa mafuta na kubadilishwa. Mashine nyingi za betri za bei ya chini zikiharibika hazitengenezwi, hutolewa nzima na kutiwa nyengine. Anayetaka mjukuu aivae saa ya babu yake ana sababu ya kutaka ya mashine.

Kibondo na Kasulu si Darajani

Hapa ndipo familia nyingi za visiwani zinapokosea. Tunamchagulia mtu kitu kwa kutazama maisha yetu, hatutazami ya kwake.

Sisi Unguja saa ikisimama tunakwenda mjini kwa fundi, na akishindwa yeye, boti ya Dar es Salaam ipo. Kibondo na Kasulu ziko kwenye nyanda za juu za Kigoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, karibu na mpaka wa Burundi. Ni eneo lililopokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Wauguzi, walimu na watumishi wengi wamepelekwa huko kwa sababu hiyo.

Katika miji midogo ya namna hiyo, fundi wa sokoni anaweza kukubadilishia betri na mkanda. Kumpata wa kufungua saa ya mashine, kuisafisha na kuifunga tena kwa usalama ni jambo jengine, na vipuri vyake ni shida zaidi. Kwa hivyo suala la kwanza lisiwe saa gani inapendeza. Liwe: ikiharibika, itatengenezwa na nani?

Zingatieni mambo matatu.

La kwanza ni vumbi na mvua. Kiangazi, ardhi nyekundu ya huko hutimka na kuingia kila mahali. Masika ni marefu, takriban kuanzia Oktoba mpaka Mei. Saa ya mtoko kwa kawaida huandikwa mita 30, na maana yake si kupiga nayo mbizi mita 30. Maana yake ni kustahimili matone tu. Kifundo cha pembeni kiwe kimerudishwa ndani siku zote.

La pili ni mtikiso. Anayepanda pikipiki kwenye barabara za vijijini asivae saa ya mtoko safarini. Hata mashine yenye kinga ya mshtuko, na nyingi za leo zinayo, haikuundwa kwa mtikiso wa saa tatu mfululizo. Aitie mfukoni ndani ya kitambaa.

La tatu ni sumaku. Simu, spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku vinaweza kuifanya saa ya mashine ikimbie dakika nyingi kwa siku. Wengi hudhani imekufa, kumbe inahitaji kuondolewa sumaku tu, kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa. Usiku asiilaze juu ya simu.

Kutoka Ijumaa mpaka Ijumaa

Tuseme kijana ameivaa saa ya otomatiki kwa ajili ya sala ya Ijumaa, akaivua saa nane mchana. Ikiwa imejaa na inahifadhi nguvu ya saa 41, itasimama Jumapili asubuhi. Ijumaa ya pili ataikuta imekufa, na ataianza upya. Faida ya otomatiki, ambayo ni kujikaza yenyewe, hakuipata. Gharama yake, ambayo ni unene na sehemu nyingi zaidi za kuharibika, ameibeba.

Ndiyo maana kwa mvaaji wa mara moja kwa wiki tunaona ya kutia ufunguo ni aula. Asubuhi ya Ijumaa, akishaoga na kujitia manukato, aizungushe polepole mpaka ahisi imegoma, kisha asilazimishe. Airekebishe kwa saa ya simu, na kazi imekwisha. Pia ni nyembamba. Mashine ya Kiswisi ya kutia ufunguo inayojulikana kama 7001 ina unene wa milimita 2.5 tu, na otomatiki nyingi za Kijapani za bei ya kati zinapita milimita 5 kabla hata ya kuwekwa ndani ya kasha lake. Tofauti hiyo inaonekana chini ya mkono wa kanzu. Saa nyembamba inateleza, nene inakwama.

Kuhusu dirisha la tarehe, kwa saa isiyovaliwa kila siku ni mzigo. Kila ikisimama tarehe inapotea. Na katika mashine nyingi, ukiibadilisha tarehe kwa njia ya haraka baina ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri unaweza kuvunja meno ya magurudumu, kwa kuwa wakati huo yameshaanza kushikana ili yageuze siku. Halafu tukumbuke kuwa tarehe hiyo ni ya miladi na inageuka usiku wa manane, wakati siku yetu ya Kiislamu inaingia kwa Magharibi. Haimsaidii kujua mwezi mosi. Basi saa isiyo na tarehe ina udhia mdogo zaidi.

Majina ya kuulizia dukani

Jina lililo usoni mwa saa si lazima liwe la aliyeunda mashine. Kampuni nyingi hununua mashine na kuitia kwenye kasha lao. Muulizeni muuzaji: ndani mna mashine gani? Asiyejua au asiyetaka kusema, mwacheni.

Kwa bei ya kati, NH35 ya kundi la Seiko inajulikana na mafundi wengi duniani. Ina mawe 24, inahifadhi nguvu ya saa 41, inatiwa ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde unasimama unapokivuta kifundo ili urekebishe sawasawa. Ndugu yake wa zamani, 7S26, aliyetumika kwa miaka mingi katika saa za Seiko 5, ni imara lakini hatiwi ufunguo kwa mkono. Akisimama itabidi umtikise. Kwa saa ya Ijumaa Ijumaa hiyo ni kero.

Miyota, ambayo ni ya kundi la Citizen, ina 9015 yenye unene wa milimita 3.9, na kwa saa ya mtoko ni nzuri zaidi kwa wembamba wake. Kutoka Uswisi kuna ETA 2824, yenye unene wa milimita 4.6, na SW200 ya Sellita inayofanana nayo sana. Bei yake iko juu zaidi, lakini mafundi wameizoea.

Upande wa kutia ufunguo, wazee wetu wanazikumbuka HMT za India, zilizoanza kuundwa Bangalore mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Citizen. Saa yao iitwayo Janata ilikuwa ya kawaida kabisa na ilidumu. Serikali ya India iliamua kuifunga kampuni hiyo ya saa mwaka 2016. Kwa hivyo nyingi zinazouzwa sasa ni za zamani zilizopakwa rangi upya na kuchanganywa vipuri. Anayenunua ajue anachonunua.

Wala msidanganywe na idadi ya mawe. Mawe hayo ni yakuti ya kutengenezwa kiwandani, teknolojia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na kazi yake ni kupunguza msuguano tu. Saa ya kutia ufunguo yenye mawe 17 imekamilika. Mawe zaidi ya hapo ni kwa ajili ya sehemu za ziada, si alama ya ubora.

Je, saa ya mashine itaharibu nyakati za sala?

Baadhi ya watu wana wasiwasi huu, na wasiwasi wa kuchunga sala ni jambo zuri. Tufanye hesabu. Tuseme saa inapotea sekunde 20 kwa siku. Kwa wiki nzima ni dakika mbili na sekunde 20. Anayeirekebisha kila Ijumaa hatadhurika, maadamu ana hadhari ya dakika chache anapofuturu na anapojizuia kwa ajili ya saumu.

Hatari ya kweli haimo ndani ya saa. Imo kwenye ratiba. Tanzania nzima inatumia saa moja, iliyopimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Unguja iko karibu nyuzi 39, Kibondo karibu 30.7 na Kasulu karibu 30.1. Jua linachukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja. Basi jua linafika Kibondo takriban dakika 34 baada ya Unguja, na Kasulu takriban dakika 36 baadaye. Kwa wastani wa mwaka, jua linapinduka Unguja karibu saa sita na dakika 23 mchana, na Kasulu linapinduka karibu saa saba kamili.

Sasa mfikirieni kijana wa visiwani aliyezoea kuwa Magharibi huingia saa kumi na mbili na nusu au karibu na hapo. Akiwa Kasulu akafuturu kwa mazoea hayo, atakuwa amekula jua bado liko juu ya milima ya Burundi, na saumu ya siku hiyo itamlazimu kuilipa. Saa ya bei kubwa kuliko zote haitamwokoa, kwa sababu itakuwa inasema kweli na yeye ndiye anayekosea. Kwa hivyo pamoja na saa, mpeni nasaha hii: atumie ratiba ya msikiti wa Kibondo au Kasulu, na ahakikishe programu ya sala kwenye simu yake imesoma mahali alipo, haikubakia Zanzibar.

Dhahabu, mkanda na udhu

Kwa mwanamme, saa ya dhahabu haifai. Katika hadithi ya Ali (R.A.) aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Ama saa iliyopakwa dhahabu, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wanatazama: ikiwa ukiiweka motoni kitapatikana kitu cha dhahabu, ni haramu kuivaa, ikiwa ni rangi tu isiyotoa kitu, haiingii katika katazo. Saa nyingi za rangi ya manjano za siku hizi hazina dhahabu hata kidogo. Hata hivyo bwana harusi ni mtu wa kutazamwa, na kuacha chenye shaka ni salama kwa dini yake na kwa heshima yake. Chuma cheupe kinapendeza juu ya kanzu. Yale mawe ya ndani hayana tatizo, kwani katazo ni la dhahabu, si la yakuti.

Mkanda wa ngozi uulizeni ni wa mnyama gani. Baadhi ya mikanda hutiwa ngozi ya nguruwe upande wa ndani, na ngozi hiyo haitwahariki kwa kudibaghiwa. Wakati wa udhu aivue. Hilo linahifadhi ngozi na mashine, na linahakikisha maji yamefika pote panapowajibika.

Tahadhari dukani

Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake ndani ya chakula cha muuzaji, akakuta umaji chini ya kilichokauka, akamkemea vikali. Imepokewa na Muslim. Saa bandia yenye jina la kampuni kubwa ni ghishi ya aina hiyo hiyo. Anayeiuza akijua anadhulumu, na anayeinunua ili awaonyeshe watu kisichokuwepo ajitazame nia yake. Kama uwezo wenu ni wa saa ya kawaida, nunueni ya kawaida yenye jina lake la kweli.

Mkiwa dukani, tazameni mshale wa sekunde. Kwenye saa ya mashine unateleza kwa hatua ndogo ndogo, kwenye nyingi za betri unaruka mara moja kwa kila sekunde. Ombeni itiwe ufunguo mbele yenu, isikilizeni, kisha irekebisheni na simu na kuitazama tena baada ya siku moja kabla hamjaifunga zawadi. Chukueni risiti na dhamana. Na tengeni kando sehemu ya fedha kwa ajili ya kuisafisha na kuitia mafuta baada ya miaka mitano au karibu na hapo. Akija likizo Unguja, na ailete kwa fundi wa huku.

Nasaha kwa familia

Mama yetu, muulizeni kwanza kijana mwenyewe ikiwa ataivaa kila siku au Ijumaa tu. Jawabu lake ndilo litakalowapatanisha mjomba na kaka mtu. Msikope kwa riba wala msiwalazimishe waliochanga waongeze. Na kama fedha haifiki kwenye saa nzuri ya mashine, basi nunueni ya betri iliyo nzuri, na kilichobaki kimsaidie kuanza nyumba yake kule Kibondo. Mjomba wa Maskati ana haki ya kupenda saa za mashine, lakini atakayekaa nayo mbali na fundi ni mwanawe, si yeye.

Tunamuomba Allah (S.W.) aibariki ndoa hii, ajaalie mapenzi na huruma baina yao, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaozichunga sala zao kwa wakati wake.

Wallahu a'lam.